Mashine Haikukataa

Kavata mwanangu,

Nikuulize hali vipi, na hali yako nimeiona asubuhi ukinywa uji? Umetoka kwenda kumuaga shangazi yako kule sokoni, umeacha sanduku wazi kitandani. Nimechukua daftari lako moja lenye mistari nikakaa hapa jikoni karibu na dirisha. Jua bado liko juu. Ninavyokujua wewe, na ninavyomjua shangazi yako kwa maneno, nina saa tatu nzima kabla hujarudi.

Barua hii nitaiweka juu kabisa ya nguo, mahali mkono wako utafika kwanza. Uisome ukishapita Kitui, na uimalize kabla hujafika Kibwezi. Tafadhali usiiweke hadi Mombasa. Jana ulisema, tena ukicheka, kwamba ukishuka Kibwezi kungoja basi utakuwa na nafasi ya kwenda kwa lile shamba la katani, uulize wazee kama kuna anayemkumbuka babu yako Mulinge. "Hata kama ni kaburi tu, Mama, nilione." Mimi nikaitikia, nikaendelea kupepeta mbaazi. Ndiyo sababu ninaandika.

Mambo ya kuchemsha maji, na kufunga mlango, na watu wa kuogopa na watu wa kusalimia, nimekwisha kuyasema na wewe umekwisha kuchoka kuyasikia. Wewe si mtoto. Tena si mtoto wa mtu hivi hivi. Wewe ni mtoto wa Syombua, na hapa Migwani hakuna karani, wa kike wala wa kiume, aliyewahi kuandika herufi zilizosimama wima kama zangu. Niliishia darasa la saba, lakini daftari langu la imla lilizungushwa madarasa yote wakubwa wakaonyeshwa: tazameni, mwandiko ni huu. Hayo unayajua, nimekuambia mara mia. Leo nataka kukuambia yale ambayo sikukuambia hata mara moja.

Unakumbuka ule mwaka wa njaa, ng'ombe wa jirani wakiinuliwa kwa mikia asubuhi ili wasimame. Mradi wa chakula ulipofungua ofisi kwenye ghala la zamani la pamba, walitafuta mtu wa kuandika majina. Walikuja watu wa fomu foo, wenye vyeti. Nikachukuliwa mimi. Nilipiga kolamu zangu kwa rula, wino mwekundu juu, wino wa buluu chini: mwenye boma, jinsia, mwenzi wake, watoto, kijiji. Boma moja, kadi moja. Baadaye wakaleta kompyuta na jenereta, na mkono wa kwanza wa mwanamke kugusa kompyuta hapa Migwani ulikuwa huu. Kama kuna mwingine alinitangulia, ajitokeze. Nilijifunza kuingiza majina kwa wiki mbili. Nilikuwa naingiza vitabu vitatu kwa siku na sikodolei kibodi macho.

Mkubwa wetu alikuwa Bwana Njoroge, kijana aliyetoka Nairobi, mpole, mwenye kupenda chai ya tangawizi. Siku moja alikuwa anapitia kitabu changu akasimama.

"Mama Kavata, leo hata wewe umekosea."

"Mimi? Wapi?"

"Hapa. Mwenye boma umeandika Nzilani, mwanamke. Mwenzi wake umeandika Mumbe. Huyu naye ni mwanamke." Akacheka. "Ama huku kwenu wanawake wanaoana?"

Dereva alikuwa mlangoni, mlinzi alikuwa ndani kwa sababu ya jua. Wote wakacheka. Mlinzi ni Mkamba kama mimi, alijua vizuri, lakini alicheka na akanitazama aone nitasema nini.

Kavata, nilikuwa na jibu. Ningesema: Bwana Njoroge, kwetu mwanamke asiyepata mtoto, akiwa na mbuzi zake, anaweza kumtolea mahari mwanamke mwingine, akamwoa, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake. Huyo anayeolewa anaitwa iweto. Nzilani amemwoa Mumbe na mbuzi zililiwa mbele ya watu. Boma hilo lina watu sita: Nzilani, Mumbe na watoto wanne. Ni maneno machache. Chai haingepoa.

Mimi nilikuwa mwandishi wa kwaya. Nilikuwa mwanamke wa kompyuta. Nikacheka kuwashinda wote, nikasema, "Ni kosa la kalamu, Bwana Njoroge. Nitarekebisha."

Nikarekebisha. Nilipofika kwa boma la Nzilani kwenye mashine, kolamu ya mwenzi nikaiacha tupu. Kolamu ya watoto nikaweka sifuri, kwa sababu Nzilani hajawahi kuzaa. Nikafanya boma la watu sita kuwa la bibi kizee mmoja.

Siku ya kugawa chakula Mumbe alikuja dirishani na ile kadi, amembeba wa mwisho mgongoni.

"Mama Kavata, hii imeandikwa mtu mmoja."

"Ni mashine, Mumbe. Inakataa mwanamke kuwa na mke. Niletee jina la mume."

"Mume wangu ni Nzilani. Si unamjua?"

"Mimi namjua. Mashine haimjui."

"Basi niandike mimi na watoto peke yetu."

"Boma ni moja, kadi ni moja. Hiyo ndiyo sheria."

Alisimama hapo kidogo. Nyuma yake watu walikuwa wanasukumana. Akasema, "Hiyo mashine imeletwa na wazungu, haiwezi kujua," akaenda zake. Yaani alikuwa anaipatia mashine sababu. Na mimi niliyekaa nyuma ya dirisha nikaita, "Anayefuata!"

Neno hilo la mashine kukataa nililisema dirishani, nikalirudia kwa mlinzi, nikaja nalo hata nyumbani. Wewe ulikuwa shuleni kwako Nairobi, mwaka wa pili wa kompyuta, na ulipopiga simu kwa posta nikakuambia kama hadithi ya kuchekesha: ati tuna mashine hapa ambayo haitaki iweto. Ukasema, "Ajabu. Nitaiona nikija."

Chakula cha mtu mmoja kiliingia nyumba ya watu sita kwa miezi saba. Mimi nilikuwa napita hapo nikienda kwaya. Mwanzo Nzilani alikuwa akikaa nje kwenye kigoda anasuka kikapu cha kyondo, ananipungia mkono. Baadaye alikuwa akikaa bila kusuka. Baadaye kigoda kilikuwa nje na yeye yuko ndani. Watoto walikuwa wamekonda, ndiyo, lakini walikuwa wanakimbia. Kila mtu aliyekuwa na macho angejua sehemu ya nani ilikuwa inaliwa na nani. Alikufa wiki mbili kabla ya mvua. Wakasema ni uzee. Kwenye mazishi nilianzisha wimbo mimi, na sauti yangu, unaijua, ilifika hadi barabarani.

Sitakuambia ati nililia sana. Sikulia. Nilikuwa na kazi nyingi ofisini, na niliipenda hiyo kazi nyingi.

Halafu ukaja likizo.

Unakumbuka kilichokuleta ofisini. Walikuwa ni wale wawili, Musembi Kimanzi Mutua na Musembi Kimanzi Ngumbi, watu wa kijiji kimoja, waliokaribia kupigana juu ya gunia moja kwa sababu karatasi ya mashine ilitoa jina moja tu, Musembi Kimanzi, mara mbili, na mmoja akadhani mwenzake amejiandikisha kwa ujanja. Bwana Njoroge alikuwa ameshika kichwa. Nikasema, kwani mnahangaikia nini na msichana wangu yuko nyumbani anaosha vyombo? Nilikuleta kama mtu anayeleta ng'ombe wa maonyesho. "Huyu ndiye Kavata wangu. Keti, Kavata. Mpisheni kiti."

Na haki ulikaa. Nilisimama nyuma yako na chai, nikaona vidole vyako. Hukufungua kitabu cha majina kama tulivyozoea. Uliandika mistari kama kumi hivi, Kiingereza kilichokatwakatwa na alama, nikakuuliza hiyo ni programu? Ukaniambia, "Ni kaprogramu kadogo tu, Mama. Mashine inaisoma mstari kwa mstari kama barua, na kufanya kile kimeandikwa."

"Na umeiambia nini?"

"Nimeuliza ghala la majina swali moja dogo. Lakini jibu likija, siangalii majina. Naziangalia kolamu."

"Kolamu nilizipiga mimi. Niulize mimi."

Ukacheka. Ulikuwa bado unacheka na mimi wakati huo. Ukanieleza polepole, na mimi mtu wa darasa la saba nikaelewa, kwa sababu wewe unajua kueleza, na hiyo umeitoa kwangu. Ulisema mashine ikikujibu haikuletei watu peke yao. Kila kolamu ya jibu inakuja na habari zake yenyewe: inaitwaje, imetengenezwa kubeba herufi au hesabu au tarehe, inabeba nafasi ngapi, na inakubali kukaa tupu au haikubali. Ulisema watu wengi wanakimbilia majina, hizo habari hawaziulizi, halafu wanashangaa. Kaprogramu kako kalikuwa kanaenda kolamu kwa kolamu kakiuliza kila moja maswali hayo manne.

Ukabonyeza, na printa ikalia. Jina la mwenye boma: herufi, nafasi kumi na tano, tupu hapana. Ukahesabu kwa kidole: Musembi, na pengo, na Kimanzi. Kumi na tano kamili. Mutua na Ngumbi walikuwa wamekatwa na kutupwa nje, hakuna mtu aliyeiba kitu. Bwana Njoroge akapiga makofi. Mimi nikatazama dereva, nikatazama mlinzi, mmoja mmoja, wamejionea. Kavata, sijawahi kuvimba kama nilivyovimba dakika hiyo. Nilikuwa na furaha ambayo sikuistahili hata kidogo, lakini ilikuwa furaha ya kweli.

Bwana Njoroge akatoka kuwaita wale Musembi wawili. Wewe ukaendelea kusoma karatasi kwenda chini.

"Mama, njoo uone. Hii kolamu ya mwenzi ndiyo ulisema inakataa mke wa mwanamke?"

"Ndiyo hiyo. Inakataa."

"Inakataaje? Hii ni ya herufi tu. Nafasi kumi na tano, na inakubali kukaa tupu. Haijui mwanamke wala mwanaume. Ukiiandikia 'kiazi' itabeba kiazi."

"Pengine ni ule ukurasa wa kuingizia."

"Nimeuangalia pia. Hauna sharti lolote."

Nikainamia kikombe changu. Ukadhani sijaelewa, maskini, ukataka kunionyesha. Ukaita boma la Nzilani. Likaja: Nzilani, mwanamke, mwenzi tupu, watoto sifuri. Ukaandika Mumbe. Ukaandika nne. Ukabonyeza. Nilikuwa nimeshika kikombe na, Mungu anisamehe, niliomba ikatae. Nilisimama hapo nikiomba kompyuta ilie, itoe maneno mekundu, ifanye chochote. Ilipokea kimya kimya, kama mtu aliyekuwa anangoja tu kuambiwa.

Ukageuka kunitazama. Uliniangalia mara moja tu, si kwa hasira, ni kama mtu anayesoma mstari na kuurudia. Halafu ukaikunja ile karatasi ya kolamu mara nne, ukaitia mfukoni. Bwana Njoroge alipoingia, wewe ndiye ulimwambia: "Kuna boma moja lilikuwa limeandikwa vibaya, nimelirekebisha." Akainama akasoma. Nilingoja kicheko. Akasema, "Aaa, kumbe ni hiyo ya mama mjane kuoa mke. Hata kwetu wazee walikuwa nayo, nyanya yangu ametuhadithia. Mama Kavata, mbona hukuniambia siku ile? Mimi nilidhani ni kosa."

Mbona sikumwambia.

Mwezi uliofuata Mumbe alipata chakula cha nyumba nzima. Akaja hapa nyumbani, wewe ulikuwa kwenye baraza unachambua mchele. Alileta kyondo kipya, kile cha katani chenye mistari ya zambarau. Nzilani ndiye alikianza na Mumbe akakimaliza. Akasema, "Mama Kavata, nimesikia umepigana na ile mashine mpaka ikakubali." Nikaona umesimamisha mkono ndani ya mchele. Ungesema. Hukusema, ulinipa nafasi niseme mimi. Na mimi nikasema, "Ilikuwa kazi, Mumbe. Lakini mimi ni Syombua, siachi kitu katikati." Nikachukua kyondo. Jumapili nikaenda nacho kanisani.

Tangu siku ile hujaniuliza neno la ofisi. Zamani ulikuwa ukiwaambia wenzako, "Mama yangu ndiye wa kwanza kugusa kompyuta huku." Sasa nikisema mimi, unaondoka kwenda kuteka maji. Ni miaka miwili. Umekuwa mwema kwangu, unanitumia sabuni na sukari, unaniita Mama kama kawaida, lakini nimekuona ukinipitia kama mtu anayepita karibu na kisima kisichofunikwa. Na kesho unaenda mbali kufanya kazi ya majina ya wagonjwa, kazi ya heshima kubwa, nami nimewatangazia watu wote wa soko. Sikutaka uondoke ukiwa umebeba karatasi yangu peke yako mfukoni bila mimi kusema kwa mdomo wangu: mashine haikukataa. Nilikataa mimi.

Sasa hili lingine, ndilo gumu zaidi. Utataka kujua kwa nini. Mwanamke anayejua desturi, aliyezaliwa huku, aone haya ya nini mbele ya kijana anayeuliza tu?

Hakuna Mulinge, Kavata. Hayuko Kibwezi, hajawahi kuwa kwenye shamba la katani, hana kaburi. Usishuke kuuliza. Wazee watakutazama na kukuhurumia, nami sitaki uhurumiwe kwa ajili yangu.

Nilikuwa darasa la saba, kule kwetu Matiliku. Mwalimu alikuwa anajaza fomu za mtihani, mtoto mmoja mmoja mbele ya meza yake, na wengine nyuma wakisikiliza. "Jina la baba?" Na nyuma yangu msichana mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Huyo babake anavaa rinda." Wakacheka. Nikasema, "Mulinge. Anafanya kazi Kibwezi, kwa katani." Mulinge lilikuwa jina la mwenye duka, lilikuwa limeandikwa juu ya mlango ng'ambo ya barabara, nilikuwa naliona kupitia dirishani. Mwalimu akaandika. Fomu ilikuwa na pengo na pengo likajazwa, na mwandiko wake ulikuwa mzuri.

Mtu huyo nimemjenga mwenyewe. Nikampandisha cheo akawa nyapara. Nikamnunulia baiskeli. Baba yako, Mungu amlaze, alipokuja kuniposa nilikuwa nimekwisha kumuua huyo Mulinge kwa ajali ya mashine ya katani na kumzika hukohuko. Baba yako alikufa akijua mkwe wake alikuwa nyapara.

Mama yangu mzazi, nyanya yako Ndinda uliyemkuta, alikuwa iweto. Aliolewa na mjane asiye na mtoto, na huyo mjane ndiye Kavata. Nimekuambia siku zote kwamba jina lako ni la bibi kizee jirani aliyenipenda. Hakuwa jirani. Nililala nyumbani kwake, nilikula shambani kwake, matuta ya shamba lile aliyachimba yeye. Siku ya kwanza ya shule alinishika mkono akanipeleka, akamwambia mwalimu, "Nimeleta mtoto wangu." Alisema hivyo tu, hakueleza, na mwalimu hakuuliza.

Siku ya zawadi, nilipokuwa wa kwanza kwa mwandiko, alikuja amejifunga leso mpya. Wasichana wakaniuliza yule ni nani. Nikasema, "Ni yule mzee anayetusaidia kazi." Alikuwa karibu. Kikamba changu kilikuwa kizuri na sauti yangu ilikuwa hii hii. Alikaa hadi mwisho, akanipigia makofi, akatembea nyuma yangu kwenda nyumbani, nyuma kidogo, kama mtu anayesaidia kazi.

Hakuwahi kunitajia siku hiyo. Alipokufa nilikuwa nimeolewa huku, nilifika wamekwisha kumzika. Nikakupa jina lake ulipozaliwa, nikadhani nimelipa. Lakini nimekuwa nikikuita jina hilo kila siku na kukuficha mwenye jina ni nani.

Kwa hiyo siku ile Bwana Njoroge alipoweka kidole kwa Nzilani na Mumbe, alikuwa ameweka kidole kwa nyumba yetu, naye hakujua. Mimi ndiye nilijua. Si kisingizio. Nimekiangalia miaka hii yote nikitumaini kitakuwa kisingizio, hakitoshi.

Wewe huwa unasema niache kuzungumza na nifanye. Basi leo asubuhi, ulipodhani nimeenda kununua mafuta ya taa, nilienda kwa Mumbe na kile kyondo. Nilimkuta anatwanga mahindi ya muthokoi. Hakuacha kutwanga.

"Karibu, Mama Kavata. Msichana anaondoka kesho, nasikia."

"Anaondoka. Mumbe, ile mashine haikukataa."

Akatwanga mara mbili tatu. "Mashine gani?"

"Ya ofisi. Ingekubali jina lako siku ya kwanza. Niliacha pengo mimi mwenyewe. Niliona haya."

Mchi ukasimama. Watoto wake wawili walikuwa pale, akawaambia waende wakaangalie mbuzi, na mbuzi walikuwa wamefungwa hapo hapo. Wakaenda.

"Miezi yote hiyo?"

"Yote."

"Alikuwa anasema ameshiba. Kila jioni anasema ameshiba, amekula mchana."

Nikamwambia na lile la pili, kwamba mimi mwenyewe ni mtoto wa iweto, kwamba aliyenilea alikuwa kama Nzilani. Sijui nilitaka nini. Pengine nilitaka anihurumie kidogo.

"Basi ulijua," akasema. "Wale wengine walicheka kwa kutojua. Wewe ulijua."

Nikaweka kyondo chini. Alikiokota, akakikung'uta vumbi, akapitisha kidole pale chini ambapo mkono wa Nzilani uliishia na wake ukaanza. Akakipeleka ndani ya nyumba akarudi mikono mitupu.

"Na aliyetuandika mara ya pili alikuwa nani? Si wewe."

"Si mimi. Ni Kavata."

"Alijua ni wewe uliyeacha?"

"Alijua."

"Akanyamaza."

"Alikuwa ananingoja niseme."

Akashika mchi tena. "Mwambie nimemsalimu sana. Mwambie watoto wa Nzilani wamemsalimu, wanne wote."

Nikangoja. Nilifikiri kuna neno lingine, hata tusi, ningelipokea. Alitwanga. Nilisimama hapo mpaka nikaona aibu ya kusimama.

"Umepotea njia?" akaniuliza. "Barabara ni hiyo."

Nikarudi nyumbani nikakukuta unanywa uji, na sikuweza kusema. Ndiyo nimeandika.

Nasikia mbwa wanabweka upande wa sokoni, huenda ni wewe. Sikuombi uniandikie upesi. Ukinyamaza nitajua unasoma tena, wewe ni mtu wa kurudia mstari. Lakini salamu za Mumbe ni zako. Alizitoa kwako peke yako, za kwangu hakutoa, na nimezileta kama nilivyopewa, sikuongeza hata neno.

Mimi mama yako,
Syombua